Uta Hupimwa kwa Mkono wa Mwenyewe



Imenifikia barua ya kijana mmoja wa Manundu, Korogwe, ambaye zamani alisoma chuoni kwangu hapa Handeni. Mjomba wake akaaye Maskati amemwahidi zawadi kwa kuwa ameushinda mtihani wake, naye amemwachia hiari ya kuchagua. Kijana amechagua uta. Wala si uta wa mti wa mkole kama ule wa babu zake, ila ni huu wa kisasa wenye vigurudumu viwili kwenye ncha zake, ambao wauzaji huuita kompaundi. Aniuliza mambo matatu. Je, katika nyuta nyingi alizoziona pichani, achukue upi? Je, ni kweli kwamba ulio mzito kupita yote, wa ratili 70, ndio ulio bora? Na je, aweza kuutumia kwa mishale ya kwetu, na kuwinda nao?

Nalitaka kumjibu kwa waraka wa siri, lakini nimeona heri jibu liwe la watu wote. Vijana wengi siku hizi huziona nyuta hizi katika simu zao wakazitamani, na wazazi wao hawana la kuwaambia ila ndiyo au siyo. Mimi mwenyewe nalizaliwa katika nyumba ya uta wa mkole. Habari za uta wa vigurudumu nimezipata kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaoutumia.

Wazee wetu husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno haya ni kweli kwa jembe, maana jembe lolote hulima mradi mkono wataka kulima. Lakini uta si jembe. Auchaguaye vibaya hujidhuru nafsi yake, au humdhuru mtu asiye na habari. Nami nasema hivi kwa kuwa yalinipata.

Mwaka 1984, nilipokuwa na umri wa miaka 14, tulikuwa tukilinda mahindi upande wa Mkata: mchana nyani, usiku nguruwe mwitu. Mjomba wangu alikuwa na uta wake, mnene, wenye upote wa mishipa ya mnyama, akiutundika juu ya mlango, naye ametukataza tusiuguse. Siku moja alipokwenda Chanika sokoni, nalipanda juu ya kiti nikauteremsha. Wenzangu wawili walikuwa wakitazama, nami niliona haya kukiri kwamba nashindwa. Nalivuta, upote ukafika kifuani usizidi. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Basi nikauinua uta kuelekea mbinguni ili nipate nguvu ya kuvuta, na hapo vidole vikateleza. Mshale ukapita juu ya ua, ukaingia katika ukuta wa udongo wa jiko la jirani, shibiri moja tu juu ya kichwa cha mtoto wa kike wa miaka minne, aliyekuwa amekaa akichezea maganda ya mihogo.

Mjomba aliporudi hakunipiga. Alinichukua mpaka pale ukutani, akanishika mkono, akanitia kidole katika tundu la mshale. Kisha akaniambia, “Mpwa wangu, uta huu si mbaya, na wewe si mbaya, ila uta huu si wako.” Baada ya siku chache akanichongea mwingine, mwembamba, niliouweza. Naliutumia miaka mitatu kabla hajaniruhusu kuushika ule wa kwanza.

Basi maneno hayo ya mjomba ndiyo jibu langu kwa kijana wa Manundu, na yote yafuatayo ni maelezo yake tu: uta haupimwi kwa sifa zake, hupimwa kwa mkono wa mwenyewe.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi uta huu wa kisasa ufanyavyo kazi. Katika uta wa zamani, kadiri uvutavyo ndivyo uzidivyo kuwa mzito. Ukifika mwisho, uzito wote uko vidoleni mwako, na hapo hapo ndipo utakiwapo kutulia na kulenga. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja wa Missouri, jina lake Holless Wilbur Allen, aliomba hati ya uvumbuzi wa uta wa namna nyingine, akaipata mwishoni mwa mwaka 1969. Alitia kigurudumu kwenye kila ncha ya uta, akazungusha upote na kamba zake humo. Mhimili wa kigurudumu hakuupitisha katikati, bali aliuweka kando. Kwa hiyo uvutapo, uzito hupanda upesi, kisha ukikaribia mwisho hushuka. Baharia wa Pangani aliyezoea kutweka tanga kwa kapi atalifahamu jambo hili upesi kuliko mimi, na ndiyo sababu mimi nauita uta wa kapi.

Tuchukue mfano. Uta wa ratili 50 ambao uzito wake hupungua kwa asilimia 80, aliyeuvuta mpaka mwisho huwa ameshika ratili 10 tu, yaani kama kilo 4 na nusu. Aweza kutulia, akavuta pumzi, akalenga bila ya kutetemeka. Hii ni neema kubwa. Lakini angalieni sana: nguvu haikupotea. Imelala katika mabawa mawili ya uta, na upote ukiachiliwa yote huamka pamoja na mshale. Kapi hupunguza uzito wa uta mkononi. Hazipunguzi uzito wa dhamana.

Sasa nakuja kwenye kuchagua.

Jambo la kwanza ni jicho. Nyoosha mikono yako mbele, uviunganishe viganja upate tundu dogo baina yake, kisha utazame humo kitu cha mbali, kama kilele cha mnazi. Fumba jicho la kushoto. Ikiwa mnazi ungali unaonekana, jicho lako kuu ni la kulia. Ukitoweka, jicho lako kuu ni la kushoto. Mwenye jicho la kulia hushika uta kwa mkono wa kushoto akavuta kwa mkono wa kulia, na mwenye jicho la kushoto hufanya kinyume chake. Nyuta hizi hutengenezwa za namna mbili mbalimbali, wala hazigeuziki. Akosaye hapa amekosa yote yaliyobaki.

La pili ni urefu wa kuvuta. Simama mgongo ukutani, unyooshe mikono pande zote mbili, mwenzio apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja mpaka ncha ya mwingine, kisha ugawanye kwa 2 na nusu. Mwenye inchi 70 atapata inchi 28. Hicho ni kipimo cha kuanzia, kisha mwalimu wa kulenga hukirekebisha akikutazama. Uta wa kapi si kama uta wa mkole unaovutwa kadiri upendavyo. Una mwisho wake, nao ukifika hapo husimama kama uliogota ukutani. Ukiwa mrefu kupita kiasi chako, mkono hunyooka mno na upote hukuchapa kigasha. Ukiwa mfupi, hujikunyata na shabaha huharibika. Basi mwambie mjomba atafute uta ambao urefu wake waweza kurekebishwa kwa ufunguo mdogo, maana wewe ungali unakua.

La tatu ni uzito, na hapa ndipo vijana huangamia. Jaribio lake ni hili: keti juu ya kiti, uelekeze uta sawasawa na shabaha, kisha uvute taratibu pasipo kuuinua juu. Ukilazimika kuuinua kuelekea mbinguni, kama nilivyofanya mimi mwaka ule, uta huo si wako. Kijana mzima mwenye afya aanzaye kujifunza, ratili 40 hata 50 zamtosha. Watoto wakubwa na wengi wa akina mama wataanza na 25 hata 35. Nyuta nyingi zina skrubu za kuongeza au kupunguza uzito kidogo kidogo, basi nunua uwezao kuuanza chini, ukapanda nao kadiri mkono uzidivyo kukomaa. Ama hizo ratili 70 ulizoziulizia, mwanangu, jua kwamba katika mashindano ya shabaha yaendeshwayo kwa kanuni za shirikisho la ulimwengu la mchezo huu, hata bingwa haruhusiwi kuzidi ratili 60; naye hupiga shabaha yenye upana wa sentimita 80 kutoka umbali wa mita 50. Ikiwa bingwa atoshwa na 60, wewe wa Manundu wataka 70 za nini, ila za kusifiwa na wenzako?

La nne ni urefu wa uta wenyewe. Nyuta fupi, za inchi 28 hata 33 kutoka mhimili hadi mhimili, huwafaa wapitao vichakani. Zilizo ndefu, za inchi 36 hata 40, hutulia zaidi mkononi, nazo ndizo za shabaha. Wauzaji hujisifu kwa kasi ya mshale, lakini aghalabu uta ulioundwa kwa kasi tupu hausamehe kosa dogo la mkono. Mwanafunzi na atafute uta msamehevu.

La tano ni mishale, na hili ndilo swali lako la tatu. Usithubutu kuupachika uta wa kapi mshale wa mti au wa tete. Uta wa mkole husukuma kwa upole kuliko huu. Mshale wa mti ukitiwa humu waweza kupasuka papo hapo, vipande vikauchoma mkono ulioshika uta. Nunua mishale ya alumini au ya nyuzi za kaboni, iliyopimwa kwa uzito wa uta wako na urefu wako wa kuvuta. Usichukue iliyo myepesi mno, kwa kuwa mshale mwepesi mno huuacha uta ubaki na nguvu isiyo na mahali pa kwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, usiuvute uta mtupu ukauachilia kwa mchezo. Mara moja tu yatosha kuvunja mabawa yake na kumjeruhi mwenyewe.

La sita ni matengenezo. Upote hupakwa nta, na baada ya miaka miwili au mitatu upote na kamba zake hubadilishwa. Kuzibadilisha kwataka chombo maalumu cha kuyabana mabawa. Fundi wetu wa baiskeli, hodari kadiri alivyo, asiufungue kwa bisibisi, kwa kuwa uta huu umejikaza hata ukiwa umetundikwa. Wala usiuache ndani ya gari juani. Kabla fedha hazijatoka, mjomba amwulize muuzaji ni nani atakayeutengeneza, na kamba za akiba zitapatikana wapi. Zile fedha alizokusudia kuzimaliza katika uta mmoja wa fahari, heri azigawe: uta wa wastani, mishale 12, kifyatuzi cha mkononi, kinga ya kigasha, na shabaha nzuri ya kuzuia mishale.

Yuko mtu mmoja ambaye habari yake yatosha kuyathibitisha yote haya. Ni Mmarekani aitwaye Matt Stutzman, aliyezaliwa bila ya mikono. Huushika uta wa kapi kwa mguu, na upote huuvuta kwa mkanda aliovaa begani. Mwaka 2024, katika michezo ya walemavu ya Paris, alipata nishani ya dhahabu. Hakutafuta uta wa kumstaajabisha jirani. Alitafuta jinsi uta utakavyoufuata mwili aliopewa na Mola wake. Nasi wenye mikono miwili twashindwa kupima mikono yetu!

Yabaki matumizi. Kulenga shabaha ni mchezo wenye heshima katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza masahaba wake kujifunza, na imamu wetu Shafi yasimuliwa kwamba katika ujana wake alikuwa hodari wa mishale kama alivyokuwa hodari wa elimu. Lakini heshima hiyo ina adabu zake. Mtume aliagiza kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamdhuru mtu. Tena alikataza kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha. Basi mbuzi wa jirani, mbwa wa njiani, na hata kunguru aliyetua juu ya paa, wote wako katika amani yako. Chagua mahali penye kilima cha udongo nyuma ya shabaha, mbali na njia ya watu wa mtoni na shambani, maana mshale wa uta huu ukiikosa shabaha waweza kwenda mamia ya mita. Wala msiwekeane fedha, kila mmoja lake, mwenye kushinda achukue zote. Hiyo ni kamari. Akitokea mtu asiyeshindana akatoa zawadi kwa mshindi, hapana ubaya.

Ama kuwinda, sikiliza vema. Nchi yetu imetunga Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo hakuna kuwinda pasipo leseni, na mshale wa sumu umekatazwa. Twaishi baina ya hifadhi mbili za taifa, Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, na Mkomazi mwaka 2008; atakayekamatwa humo na uta bila ya kibali hatapata wa kumtetea. Hata katika fiqhi mambo hayakuachwa hivi hivi. Mshale uliopiga kwa ncha ukatoboa, nyama yake huliwa ikiwa Bismillahi ilisomwa. Uliopiga kwa ubavu ukaua kwa kishindo, nyama hiyo ni mzoga. Na mnyama aliyeuawa kwa msaada wa sumu, wanazuoni wengi wamemkataza. Basi uta wako, mwanangu, uwe wa shabaha. Na kabla mjomba hajaupeleka bandarini, ulizeni forodhani na kituo cha polisi kama wahitaji kibali cha kuuingiza. Swali halilipiwi ushuru.

Nawakumbusha vijana habari ya Uhudi, mwaka wa 3 wa Hijra, uliolingana na mwaka 625. Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, mkubwa wao akiwa Abdallah bin Jubeir, akawaamuru wasiondoke kwa hali yoyote. Walipowaona maadui wakikimbia na ngawira imetapakaa, wengi wao waliteremka kuichukua. Mkubwa wao akabaki na wachache, wakauawa pale pale, na ushindi ukageuka msiba. Nyuta zao hazikuwa dhaifu siku ile. Kilichokosekana ni subira ya walioushika uta, na subira haiuzwi Maskati wala pengine popote.

Basi kijana wangu wa Manundu, kabla hujamwandikia mjomba wako, panda basi uje Handeni Ijumaa moja. Tutasali, tutakula, kisha nitakusimamisha ukutani nikupime mikono kwa utepe wa fundi cherehani. Nitakuonyesha pia nyumba ya jirani yetu wa zamani. Lile jiko la udongo halipo tena. Mahali pake pamejengwa kwa tofali. Lakini yule mtoto wa maganda ya mihogo yupo, ni mama wa watoto watatu, na mmoja wao asoma chuoni kwangu. Kila asubuhi anyooshapo kidole kufuata herufi za msahafu, mimi hukumbuka kidole changu katika lile tundu la ukutani, nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ile shibiri moja.

Wabillahi tawfiki. Wassalaam alaykum.